Mtungi na kisima: kutunza kompyuta kuukuu na kuitumia maktaba hapa Mombasa

Mwezi wa Mei, mvua ya mwaka ikiwa imeshika, kijana mmoja wa Kisauni aliniletea laptopu imefungwa kwenye leso kama mtoto mchanga. Akaniamkia, nikaitikia, akaiweka mezani polepole. "Mama, hii imekufa. Nyumbani wameniambia nisubiri mpaka Disemba ninunuliwe nyingine, na mtihani wangu ni wa Agosti." Nikaipindua, nikafungua skurubu za chini, na nikakuta yale ninayoyakuta kila msimu huo. Vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu likawa kama sufi kwenye matundu ya feni. Ncha za kadi ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zilikuwa na utando. Chini ya kibodi, upande ule ambako makombo ya mahamri huangukia, sisimizi walikuwa wametaga mayai. Hakuna kitu kilichokuwa kimekufa. Baada ya saa moja na nusu ya brashi, raba na spiriti, iliwaka.

Nina meza yangu Mwembe Tayari, nachapa barua na kutengeneza kompyuta. Nimeona mashine nyingi zikitupwa kabla ya wakati wake, na nimeona watu wakikopa ili wanunue mpya. Naandika haya kwa sababu kuna njia nyingine. Kompyuta ichukulie kama mtungi, na maktaba kama kisima. Huna haja ya kuwa na kisima uani kwako. Unahitaji mtungi msafi usiovuja, na ujue njia ya kwendea majini. Mashine ya miaka 8 ikitunzwa inatosha kabisa kusomea, kuandikia na kuhifadhi. Kazi nzito ya kupakua utaifanya maktaba, kisha ubebe ulichochota urudi nacho nyumbani.

Chumvi, vumbi na joto

Anayeishi Nairobi anaweza kukaa na kompyuta mwaka mzima bila kuifungua. Sisi huku hatuwezi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu ukikaa juu ya chuma unakila. Ukikaa Likoni, Kizingo au Nyali upande wa pwani, safisha ndani ya mashine kila miezi 3. Ukikaa Mikindani au Changamwe, miezi 6 inatosha, ingawa Changamwe mna vumbi la malori. Usafi wa nje ni wa kila wiki, na mimi huufanya Ijumaa asubuhi kabla ya wateja.

Wa nje ni mwepesi. Zima mashine, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Ielekeze kibodi chini uigongegonge mgongoni kwa kiganja. Pitisha brashi laini ya rangi katikati ya vitufe. Kwa skrini tumia kile kitambaa cha kufutia miwani, kikiwa na unyevu kidogo sana. Ukikosa, kipande cha leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi kinafaa, mradi kisiwe na uzi wa kukwaruza. Maji hayamwagwi kwenye skrini, yanatiwa kwenye kitambaa. Sabuni ya vyombo na dawa ya kusafishia vioo viache jikoni.

Kuhusu sisimizi, nakusihi usipulize dawa ya wadudu ndani ya kompyuta. Dawa ile ni ya majimaji na mafuta, inabaki juu ya saketi na kukusanya vumbi zaidi. Ondoa makombo, maana ndiyo yaliyowaita. Washa mashine ipate joto, wengi watahama wenyewe. Usiku iweke juu ya meza ndogo ambayo kila mguu umesimama ndani ya kikopo cha maji, vile nyanya zetu walivyokuwa wakifanya kwa kabati la chakula. Nimewafundisha watu wengi jambo hili na sijaona lililo bora kuliko hilo.

Usafi wa ndani unataka utulivu. Tandaza kitambaa cheupe mezani ili skurubu isipotee. Ukishachomoa kila kitu, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki umalizike. Shika kitu cha chuma kilichogusa ardhi, kwa mfano mfereji wa maji, kabla hujagusa saketi. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na kila skurubu uitoayo ichomeke mahali pake kwenye mchoro, kwa kuwa hazilingani urefu na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa hata ubao wa saketi.

Feni ndiyo yenye kazi kubwa. Zuia panga zake zisizunguke kwa kijiti cha meno, ndipo upulize. Ukiiacha izunguke kwa nguvu ya upepo, inaweza kuharibika, na yenyewe inazalisha umeme kidogo unaorudi kwenye saketi. Upepo wa kopo au wa blowa ndogo unafaa. Upepo wa mdomo haufai, pumzi ina mate na unyevu, na unyevu ndio tunaopigana nao. Kisha toa kadi ya RAM, isugue ncha zake za dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, ondoa vumbi la raba kwa brashi, irudishe mpaka usikie imeshika pande zote mbili. Theluthi ya kompyuta "zilizokufa" zinazofika mezani kwangu hufufuka kwa hatua hiyo moja. Mahali penye utando wa chumvi tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 inayouzwa kwenye duka la dawa ina maji mengi. Kama ndiyo uliyonayo, acha mashine wazi mpaka ikauke kabisa, hata ikiwa ni usiku kucha.

Ikiwa umesafisha yote na bado inachemka mpaka inajizima, ile dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imekauka. Hapo mpelekee fundi. Ni kazi ya dakika 20 kwa anayeijua, na ni hasara kwa asiyeijua.

Zaidi ya hayo, usiiweke laptopu juu ya godoro wala mto. Matundu ya hewa yako chini, na godoro linayaziba. Kibao cha kukatia mboga kinatosha kuwa sahani yake. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado ina joto. Vile vijifuko vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie viwili vitatu kwenye mkoba wa laptopu, vinanyonya unyevu. Na mashine usiyoitumia iwashe nusu saa kila baada ya siku mbili tatu wakati wa mvua ya mwaka, ijikaushe kwa joto lake. Mashine ninazozikuta zimeliwa vibaya kabisa na kutu ni zile zilizofungiwa kabatini "zisiharibike".

Stima

Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika 5 au 10 ndipo uchomeke, maana ile dakika ya kwanza volti hupanda na kushuka. Nyumbani tunapewa volti 240, lakini nimepima zaidi ya hapo na chini sana ya hapo kwenye meza yangu hiyo hiyo. Kompyuta ya mezani inunulie UPS, ile betri ya akiba, hata ndogo, ikupe nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Radi ikianza chomoa na waya wa intaneti pia, watu huusahau.

Betri ya laptopu inadumu zaidi ukiiweka kati ya asilimia 20 na 80, na joto linaimaliza kuliko matumizi. Kama ni Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd na ubonyeze Enter, kisha kwenye dirisha litakalofunguka andika powercfg /batteryreport. Itakuandikia ripoti na kukuonyesha imeiweka wapi. Linganisha uwezo betri iliyozaliwa nao na uwezo iliobaki nao leo. Ukiwa umeshuka chini ya nusu, panga kuibadilisha. Betri ikivimba, ukaona kibodi imeinuka au kifuniko hakifungi vizuri, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji "mara ya mwisho". Ile inaweza kuwaka moto.

Ndani ya mashine

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa watu wanahangaika na programu kuliko inavyostahili.

Acha asilimia 15 hivi ya diski ikiwa tupu, mashine inapumua. Andika cleanmgr kwenye kile kisanduku cha Windows na R, uondoe takataka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu zipi zinajiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta, zima usizozihitaji. Kinga ya virusi inayokuja na Windows inatosha ikiwa imesasishwa, na kuweka kinga mbili ni kama kuweka walinzi wawili wanaokamatana. Kama unatumia bando la simu, nenda kwenye mipangilio, tafuta neno metered, uiwashe kwa ule muunganisho wa simu yako, ndipo masasisho hayatakula bando usiku ukiwa umelala.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, inayofika Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11, inataka prosesa mpya kiasi na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Msikubali kuambiwa kwamba basi mashine ni ya kutupa. Mimi huweka Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Ni ya bure, unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, na mashine yenye RAM ya GB 4 inaibeba. Ukiongeza na diski ya SSD mahali pa ile ya kuzunguka, utadhani umenunua nyingine. Kati ya mambo yote ya kutumia pesa, hilo la SSD ndilo ninaloliunga mkono kwa moyo wote.

Sasa flashi, na hapa nitakaa. Kila wiki mtu anakuja uso umebadilika: "Mama, kazi yangu yote imegeuka mishale." Amechomeka flashi mahali pa kuchapishia, akairudisha nyumbani, na kila folda ina kimshale kidogo pembeni na haifunguki. Kwanza, tulia. Mara nyingi faili zako zimo. Virusi vimezificha na kuweka njia za mkato mahali pake, na ukibofya njia hizo unaviingiza kwenye kompyuta yako. Usibofye. Fungua lile dirisha la cmd, angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E, kisha andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na ungoje, hata ikichukua dakika kadhaa. Ukimaliza fungua flashi tena. Faili zitaonekana, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyokuwa na jina. Nakili zako pekee, barua, picha, hesabu, uzitoe nje. Mishale na kitu chochote usichokitambua kiache. Pitisha kinga ya virusi, kisha ifute flashi nzima kwa kuifomati. Wenye Linux mara nyingi mnaziona faili hizo moja kwa moja, na zisipoonekana bonyezeni Ctrl na H.

Na tafadhali, flashi ya kubebea isiwe ndiyo flashi ya kuhifadhia. Kuwa nazo mbili, moja ya safari na moja haitoki nyumbani. Mimi yangu ya nyumbani nimeifunga uzi mwekundu.

Kile kilichopotea

Babangu alikuwa baharia wa majahazi. Alipozeeka nilikaa naye baada ya Alasiri, siku baada ya siku, akinitajia majina ya nyota, mikondo, miamba ya kuogopwa na bandari alizotia nanga wakati wa kaskazi, nami nikichapa. Zilifika kurasa 62. Zote zilikuwa kwenye laptopu moja. Ilipokataa kuwaka nilikuwa sijaijua kazi hii, nikampelekea fundi mmoja mjini. Aliniambia ameirekebisha, na kweli iliwaka, tupu. Alikuwa ameifomati bila kuniuliza. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilizipata kurasa 19 kwa sababu tu niliwahi kumtumia dada yangu aliye Lamu kwa barua pepe. Kurasa 43 zimekwenda.

Kwa hivyo mtu akija kwangu, swali la kwanza ni: kuna nini ndani? Nawe ukienda kwa fundi yeyote, kabla ya kumkabidhi sema wazi, na ikiwezekana aandike kwenye risiti: usifomati mpaka data itolewe. Diski ya mashine isiyowaka inaweza kutolewa ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ndogo ya USB, ikasomeka. Jambo hilo fundi yule angeweza kulifanya.

Kanuni ninayoifuata ni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwangu mimi ni diski ya kompyuta, flashi ya uzi mwekundu, na barua pepe au hifadhi ya mtandaoni. Hata wakubwa yanawafika. Oktoba 2023 British Library ya London ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, wakafunga mifumo yake na kudai fidia. Maktaba haikulipa, na huduma zake nyingi za mtandaoni zilikaa miezi bila kufanya kazi. Nilifuatilia habari ile kwa wasiwasi, kwa kuwa chini ya mpango wao wa hifadhi zilizo hatarini miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha, na picha hizo zikawekwa kwao. Kilichonituliza ni kujua kwamba miswada yenyewe iko Lamu. Kitu kikiwa mahali pawili, msiba wa mahali pamoja haukimalizi.

Kwenda kisimani

Maktaba ninayoitumia ni ile ya barabara ya Msanifu Kombo, iliyoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeziweka maktaba katika kazi za kaunti. Jambo hili nalitaja kwa makusudi. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa, una haki ya kusimama na kuuliza kuhusu kompyuta na intaneti ya maktaba, na nakuomba usimame.

Siku ya kwanza nenda na kitambulisho na picha ndogo, na umsalimie mkutubi vizuri kabla ya kuuliza. Wakutubi wanajua mambo mengi wasiyoulizwa. Uliza haya: uanachama unataka nini na ada yake ni ngapi, kompyuta zinatumika kwa zamu ya muda gani, wai-fai inafika upande upi, kama naweza kuchomeka flashi yangu, kama naweza kuchapisha na kuskani, na majarida au vitabu gani vya kidijitali maktaba imelipia. Swali hilo la mwisho ndilo watu hawaliulizi. Maktaba huweza kulipia hifadhi za majarida ambazo ukiwa nyumbani zinakutaka kadi ya benki, na ukiwa ndani ya wai-fai yao zinafunguka.

Nenda asubuhi. Jioni wanafunzi wamejaa, na wiki ya mwisho ya Juni kila mtu yuko kwenye ritani za kodi, maana mwisho ni tarehe 30.

Kabla hujatoka nyumbani andika kwenye karatasi vitu unavyokwenda kuchota, kwa mpangilio wa umuhimu. Zamu ni fupi, na nimeona watu wakiimaliza wakijaribu kukumbuka nenosiri.

Ukikaa kwenye kompyuta ya watu wote, fungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwa Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Benki usifungue hapo. Ukiinuka hata kumwita mkutubi, bonyeza kitufe cha Windows na L kama inakubali, au toka kwenye akaunti kwanza. Na ukimaliza, nenda kwenye folda ya vilivyopakuliwa, chagua vyako, bonyeza Shift na Delete ili visibaki kwenye pipa. Hili nalisisitiza. Nikikaa kwenye kompyuta za watu wengi, iwe saiba au kwengineko, nakuta nakala za vitambulisho vya watu, vyeti vya PIN ya kodi, barua za hospitali, vimeachwa hapo kwa yeyote. Dada zangu na kaka zangu, hicho kitambulisho kinaweza kukopewa pesa. Nikivikuta navifuta, lakini si kila mtu atakayekaa hapo ana nia hiyo.

Sasa vya kuchota. Nitataja vile ninavyovitumia mwenyewe.

Kwa watoto kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, unazipakua bure na kuzichapisha. Jirani yangu wa Majengo huwasomea wajukuu wake kila usiku kutoka kwenye laptopu isiyo na intaneti kabisa.

Kwa mwanafunzi, KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ina tovuti ya Kenya Education Cloud, yenye maudhui ya mtaala. Vitabu vya zamani vya Kiingereza visivyo na hakimiliki viko Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Havihitaji hata akaunti. Chagua muundo wa EPUB, ni mwepesi na unasomeka kwenye simu pia. Open Library ya Internet Archive inaazima vitabu kama maktaba ya kawaida, vingine kwa saa 1 na vingine kwa siku 14, na unachohitaji ni barua pepe.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni Kiwix. Ni programu inayoiweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta yako uisome bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 70,000, na inaenea kwenye flashi ya kawaida. Yule kijana wa Kisauni nilimwekea. Kwao hawana wai-fai, na wadogo zake wawili wanasomea hapo hapo usiku.

Kwa watu wazima, tovuti ya Kenya Law imeweka sheria, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la Serikali bure. Gazeti hutoka kila Ijumaa, na ndani yake mna matangazo ya mirathi na ya hati za ardhi zilizopotea. Shangazi mmoja wa Kibokoni alikuwa akisikia uvumi kwamba mtu anaomba hati mpya ya kiwanja cha marehemu mumewe. Tulikaa naye maktaba asubuhi mbili tukitafuta kwa nambari ya kiwanja, tukalipata tangazo, na siku za kuweka pingamizi zilikuwa hazijaisha. Alichapisha ukurasa ule akaenda nao kwa wakili siku ile ile. Mwenye ardhi hapa Pwani ajizoeze kutafuta nambari yake humo, hata mara moja kwa mwezi.

Kama utachota kitu kikubwa, kwa mfano faili ya kuweka Linux Mint, ambayo ni GB 3 hivi, mwombe mkutubi ruhusa kwanza. Intaneti ile ni ya wote, na ukiivuta peke yako aliye jirani yako hawezi kutuma hata barua ya kuomba kazi.

Ukifika nyumbani usiifungue flashi ya safari moja kwa moja. Ichomeke, bofya kulia juu ya jina lake, pitisha kinga ya virusi mpaka imalize. Hamisha faili kwenye kompyuta na uzipe majina yanayosema, mwaka ukitangulia: 2026-03-gazeti-kiwanja, si "hati mpya 2". Nakili zile za muhimu kwenye flashi ya uzi mwekundu. Itoe kwa njia ya salama, usiichopoe tu. Kisha ifute flashi ya safari ibaki tupu, na uirudishe kwenye mkoba pamoja na kadi ya maktaba na ile karatasi ya vitu vilivyobaki.